Mji Usio na Baridi

Novemba 2

Naandika kwa sababu nikisema nagombana. Mume wangu anadai nina mdomo. Baba anasema nimeurithi kwa marehemu mama yangu, na anasema hivyo kama mtu anayesifu. Basi mdomo nimeufunga.

Habari yenyewe ni hii. Manispaa imetangaza kwamba kamati itakaa mwezi wa pili kuamua kama mji wetu uendelee kuitwa wa nusu-tropiki au uhamishiwe ukanda wa baridi. Mtu asiyejua atacheka, atasema jina ni jina tu. Lakini kwa sheria yetu, miji ya ukanda wa baridi huwekewa mabomba ya maji moto kwenye kuta za nyumba zote za umma. Miji ya nusu-tropiki haiwekewi hata kipande, kwa kuwa kwenye vitabu haina baridi. Sisi tunaoishi nje ya vitabu tunavaa soksi mbili mbili.

Baba anakaa nyumba ya umma, ghorofa ya nne, chumba kimoja chenye pembe ya kupikia, upande usiofika jua. Ana miaka sabini na tisa na kifua kibovu. Aliyeuita mji huu wa nusu-tropiki, zamani alipokuwa mkuu wa kituo cha hali ya hewa, ni yeye mwenyewe. Na anayetaka jina libadilishwe ni mume wangu, aliyefundishwa kazi na Baba huyo huyo na sasa anakalia kiti chake.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi ni mimi.

Novemba 5

Mvua. Nimekata makoti ya shule kutwa nzima, mkasi umenitoa lengelenge.

Novemba 9

Baba alikuja kula nasi mchana. Nilikuwa nimeapa mezani isitajwe hali ya hewa. Hatukumaliza hata supu.

"Mzee, watu wanatetemeka," mume wangu alianza.

"Kutetemeka si kipimo," Baba akajibu, huku anapuliza kijiko chake.

"Mwezi wa kwanza maji yanaganda mferejini."

"Mwezi wa kwanza ni mmoja. Mimi nahesabu minane. Mji wenye miezi minane ya wastani wa digrii kumi kwenda juu ni wa nusu-tropiki. Huu wetu unayo minane. Mtu mpole akikasirika siku moja, utamwita mkali?"

"Huo wa nane unapita kwa kuponea chupuchupu, Mzee."

"Aliyefaulu kwa alama moja amefaulu. Wewe mwenyewe kwangu ulipita hivyo hivyo."

Nilicheka hadi maji yakanipalia. Mume wangu hakucheka. Wakati wa kumsindikiza Baba nikamwomba ahamie kwetu hadi Machi, tuna chumba cha nyuma na nyumba yetu ina hita ya umeme. Akanipiga kofi dogo la bega. "Nikihama sasa, mwanangu, watasema aliyeuita mji jina ameukimbia. Ngoja kamati ikae. Baada ya hapo nitakuja kukusumbua hadi unichoke." Nikamwambia kamati ni Februari, na baridi haingoji kamati. Akasema tutaonana wiki ijayo.

Novemba 17

Kibandani kwangu cherehani mbili hazipoi. Kila mteja anataka blanketi la kujazwa pamba, au koti la mtoto lenye tabaka mbili. Leo mwalimu wa chekechea, huku nampima mabega, kaniuliza, "Fundi, ni kweli babako ndiye aliyesema hapa hakuna baridi?" Nikamwambia geuka nipime mgongo.

Kaka zangu walihamia mbali, kwa hiyo lawama zote za Mzee zinapitia kwangu. Nimemshonea koti la pamba la kuvaa ndani. Nimelipeleka. Akalivaa, akajitazama, akasema limekaa vizuri mno. Kisha akalivua akalitundika mlangoni, na mikono yake ilikuwa ya bluu kwenye kucha.

Novemba 28

Jalidi ya kwanza. Nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe asubuhi, na ngazi za nyumba ya Baba zinateleza.

Jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke anayefua nguo za watu, wote tunamwita Mama Mapacha. Ana wasichana wawili wa miaka minne wanaomwita Baba "Babu Digrii", jina ambalo jengo zima limelichukua, na kwa wakubwa lina dhihaka ndani yake. Leo nilimkuta anabandika utepe wa karatasi kwenye nyufa zote za dirisha. Katikati ya chumba kaweka jiko la mkaa, watoto wanaota moto na vidole vyao vyekundu. Hita ya umeme hawezi. Nyaya za jengo ni za zamani, mtu mmoja akiwasha, ghorofa nzima gizani.

Baba alikuwa kasimama mlangoni anamsomesha. "Mama, mkaa ndani ya chumba kilichozibwa ni muuaji asiye na kelele. Moshi wake ule unaoua hutausikia wala hutaunusa. Acha dirisha wazi upana wa kiganja."

"Nikiacha wazi, Babu, nimewasha jiko la nini?"

Baba akautazama ule utepe, akarudi chumbani kwake. 

Desemba 4

Mume wangu kanieleza siri yake, na kwa kuwa nimeahidi kutosema, naandika.

Kisanduku cheupe cha kupimia joto kiko kwenye bustani ya kituo, katikati ya mji, pale pale alipokiweka Baba. Kwa kipimo cha pale, ule mwezi wa nane katika hesabu ya Baba unafaulu. Lakini kuna kisanduku kingine kule mlimani, nje ya mji, kwenye minara ya simu. Kwa kipimo cha kule mwezi huo unaanguka, inabaki miezi saba, na mji unatoka kwenye nusu-tropiki. Mume wangu atapeleka kamatini takwimu za mlimani na kuziita za mji.

"Kwa hiyo Baba yuko sahihi," nikasema.

"Yuko sahihi kabisa. Na atakufa sahihi kama hatukufanya kitu."

Mume wangu si mtu wa uongo. Akirudishiwa chenji iliyozidi sokoni, anarudi hata kama ni mvua. Nilimwona alivyokaa ukingoni mwa kitanda akijikuna shingo, nikampenda sana. Nikamwambia apeleke. Mungu atatusamehe, mabomba yakishawekwa.

Desemba 11

Baba kajua. Kuna kijana wake wa zamani kituoni hajui kufunga mdomo.

Alikuja kibandani kwangu, si nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua kofia. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Mume wangu nikampigia simu aje, nikadhani nitapatanisha. Upatanishi wangu huo.

"Mlimani ni mji?" Baba akamuuliza mara tu alipoingia.

"Mzee, nafanya hivi kwa ajili yako."

"Nimekuuliza. Mlimani ni mji?"

"Si mji."

"Nani anaishi kule?"

"Hakuna mtu. Minara."

"Basi umewapimia minara. Nilikufundisha miaka yote ile usisogeze kisanduku ili upate jibu unalolitaka, na leo unakisogeza kwa sababu mkweo anakohoa."

Mume wangu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna watu elfu kadhaa kwenye nyumba za umma, na wanakohoa wote.

"Kama sheria ni mbovu, waibadili sheria," Baba akasema. "Waseme anayeona baridi apewe joto, mji uitwe utakavyoitwa. Kipimo hakina kosa. Ukishasema uongo kwa ajili ya bomba, kesho mwingine atasema uongo wa kuling'oa."

Nikaingilia. Nikamwambia kubadili sheria ni kazi ya miaka, kifua chake hakina miaka. Nikamwambia ni mkaidi, haambiliki hasemezeki, na kwamba anapenda mstari wake wa kwenye ramani kuliko mwanawe wa kumzaa. Maneno mengine sitayaandika. Baba akasimama, akashika meza ya kukatia kwanza apate nguvu, akasema hatakanyaga kwetu mpaka kamati iishe.

Desemba 12

Sikushona. 

Desemba 20

Theluji ya maji maji. Nimempelekea Baba supu kwenye chupa ya chai. Kaipokea mlangoni, kashukuru, kafunga. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wanasema. Nusu-tropiki hii yetu ni shari kamili.

Desemba 26

Mume wangu na mimi tunaongea habari za chumvi na sabuni tu.

Januari 3

Naandika kabla sijasahau.

Jana asubuhi nilipanda na chupa ya supu, nikamkuta Baba kavaa lile koti, anagonga mlango wa Mama Mapacha kwa ngumi zote mbili. Anasema watoto hawajatoka kumsalimia. Kila asubuhi humsalimia. Mama yao alikuwa keshakwenda kufua, kawaacha wamelala na jiko linakaribia kuzima, akawafungia kwa nje wasiteremke ngazi zenye barafu.

Baba akasema, "Vunja." Nikamwambia Baba, mlango ni wa mbao ngumu. Akasema tena, "Vunja," akarudi nyuma kidogo akajirusha yeye, mzee wa miaka sabini na tisa, bega mbele. Nilipoona hivyo nikapiga teke nisilojua limetoka wapi. Kitasa kikang'oka.

Chumba kilikuwa na joto tamu. Hilo ndilo linalonitisha hadi sasa, kwamba nilipoingia nilifurahi. Wasichana walikuwa wamelala wamekumbatiana, mashavu mekundu, wazuri, nikasema moyoni wamelala tu. Baba akapita mbele yangu akafungua dirisha kwa kuung'oa utepe kwa kucha, akaniambia beba mmoja. Mmoja alitapika begani kwangu tulipofika uwanjani. Yule mwingine hakufanya chochote. Baba alikaa chini kwenye theluji, kampakata, anampigapiga mgongo na kumwambia, "Vuta hewa, bibi yangu, vuta hewa, ni bure." Akavuta.

Hospitali wamewaweka chini ya hewa ya mtungi. Daktari anasema watapona wote wawili. Mama yao alipofika alikuwa anafungua na kufunga mikono yake iliyopasuka kwa sabuni. Baba hakumlaumu hata kwa neno moja. Alijifunika uso kwa kofia, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nilidhani baada ya hapo atalegea.

Januari 6

Badala yake kaitisha mkutano wa jengo. Kawaeleza wapangaji jinsi moshi unavyoua, kwa utaratibu, kama yuko darasani. Wamekubaliana majiko yote yatolewe vyumbani, yafungiwe kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, na ufunguo akae nao Babu Digrii kwa kuwa yeye peke yake hana jiko la mkaa. Wamekubali kwa hofu ya mapacha. Lakini fundi viatu wa ghorofa ya pili alipoleta la kwake, kalitupa chini miguuni pa Baba. "Umetunyang'anya mabomba, sasa umetunyang'anya na mkaa. Utatuachia nini, Mzee, hicho kipimajoto tupashie mikono joto?"

Watu walicheka kicheko kibaya. Baba kainama kaliokota jiko, kalipanga na mengine.

Januari 9

Kuna mtu kaandika kwa mkaa kwenye mlango wake: LEO DIGRII NGAPI? Nimefuta kwa kitambaa na maji. Maji yaliganda kwenye mbao kabla sijamaliza.

Januari 14

Barafu imeota ndani ya kioo cha dirisha lake, upande wa chumbani. Nimeigusa. Baba kakaa kitandani na koti, kofia, blanketi juu, anaandika hotuba yake ya kamati kwa penseli, kwani wino haushuki. Nikamshika mikono nikaisugua. Aliniacha niisugue, jambo ambalo asingeliruhusu zamani.

"Baba, unaona baridi?"

"Nje ni hasi sita."

"Sikuuliza nje."

Akaitazama barafu ya dirishani. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Alipouita mji huu wa nusu-tropiki, wakubwa walifurahi mno, na hakujua kwa nini. Sheria ya mabomba ikatungwa mwaka uliofuata. Yeye alikuwa kapima tu. "Kama leo nitasema nilikosea, nitakuwa muongo. Nikisema nilikuwa sahihi, watoto wa watu wanalala na mkaa. Unadhani silioni hilo? Nimeliona uwanjani, mikononi mwangu."

Nilidhani siku zote ni kiburi. Sehemu ni kiburi, nisimpake mafuta. Lakini leo nilimwona kama mtu aliyebanwa kwenye mlango, hatoki wala haingii. Nikamsihi tena aje kwetu. Akasema jengo zima limetoa majiko kwa neno lake. Atawezaje yeye kuondoka kwenda kwenye hita, awaache wao?

 Nilikaa naye mpaka jua lilipotua, tukazungumza habari za Mama.

Januari 19

Baridi ile ile.

Januari 20

Baridi ile ile. Mume wangu karudi na takwimu za mlimani za kupeleka kamatini, kaziweka mezani kwa kuzifudikiza.

Januari 22

Tulikwenda wawili kumchukua. Mume wangu alisema ikibidi tutambeba. Baba alifungua mlango kwa upana wa mnyororo tu. Sura yake ilikuwa imenywea, macho yana maji.

"Mzee, naacha yote," mume wangu akamwambia. "Takwimu za mlimani naziacha. Njoo tu nyumbani."

Baba akaushika mnyororo. "Kama unaziacha ili nije, hujaziacha." Kisha kwa upole, akasema, "Nendeni. Nina kazi ya kumaliza. Kesho nitakuwa sawa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeliandika hili kwa hasira, na naliacha hivyo hivyo.

Februari 2

Sasa naweza.

Asubuhi ya tarehe 23 Mama Mapacha alikuja kibandani mbio, miguu kwenye malapa, katika theluji ile. Akasema, "Dada, Babu hafungui." Nilijua kabla hajamaliza. Nilizima cherehani, nikachukua kanga yangu, nikaifunga vizuri. Sijui kwa nini nilijipa muda ule.

Mlango ulikuwa mgumu kusukuma. Chini yake kulikuwa na tambara limelowa, limesokotwa na kusukumwa kwenye mwanya wote. Lilikuwa upande wa ndani. Chumba kilikuwa na joto. Dirisha limezibwa kwa kurasa za hotuba yake mwenyewe, alizozibandika kwa uji. Katikati, jiko dogo la bati, majivu tu. Kalitoa stoo, ufunguo si anao yeye. Baba alikuwa kitini na koti langu, kidevu kifuani, mashavu mekundu kama ya wale watoto.

Niliufikiria upana wa kiganja. Alijua kuliko mtu yeyote mjini. Angeacha upana wa kiganja angekuwa hai leo. Nikalitazama tena lile tambara, ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilikaa chini sakafuni. Hakulisokota kuzuia baridi isiingie. Alilisokota kuzuia harufu isitoke. Aliona aibu wasije majirani wakanusa kwamba Babu Digrii anaota moto.

Mama Mapacha alifunga mlango nyuma yetu.  Yeye alichukua jiko, akamwaga majivu, akalifuta, akalirudisha stoo chini ya gauni lake. Mimi nilibandua karatasi dirishani. Daktari alijua, akatuambia mimi na mume wangu faraghani. Watu wengine tuliwaambia ni kifua. Jengo zima limemzika. Fundi viatu alibeba jeneza upande wa mbele, analia kwa sauti.

Februari 9

Mume wangu kasema hatapeleka tena takwimu za mlimani. Atasimama mbele ya kamati aseme Mzee alikuwa sahihi. Hawezi kumdanganya mtu aliyekufa.

"Alipokuwa hai uliweza," nikamwambia.

Nimemuumiza, na nilitaka kumuumiza. Yaani Baba kafa kwa kukosa bomba, halafu kwa heshima yake bomba lisije. Kamati itasikia mji ni wa nusu-tropiki, itapiga muhuri, na baridi ijayo Mama Mapacha ataenda stoo kuchukua jiko lake. Nani atamzuia? Ufunguo sasa uko msumarini, mtu yeyote anauchukua.

Februari 15

Barafu ya mferejini imeyeyuka. Wateja wanaulizia nguo nyepesi.

Februari 20

Kamati imekaa leo, ukumbi wa manispaa, madirisha yote wazi. Nje digrii kumi na tisa. Mwenyekiti alikuwa anajipepea na ratiba. Wajumbe wamevua makoti, mmoja anasinzia. Wapangaji wa jengo walikaa viti vya nyuma, na Mama Mapacha kaja na mapacha kawapakata wote wawili.

Mume wangu alisimama, akasema alichoahidi. Kwa kipimo cha mji, si cha mlimani, miezi minane inatimia. Hayati mwalimu wake hakukosea. Nyuma nikasikia watu wanaguna, kisha miguno inageuka minong'ono. Mwenyekiti kafurahi, keshashika kalamu. "Basi hakuna mgogoro. Kuna mwenye la kuongeza?"

Sikuwa nimepanga. Naapa sikuwa nimepanga, nilikwenda kusikiliza. Lakini niliona fundi viatu anainua kofia yake kuondoka, kwa namna ya mtu aliyezoea, nikajikuta nimesimama.

Nikasema mimi ni fundi cherehani, bintiye marehemu. Nikasema Baba hakufa kwa kifua. Nikawaeleza lile jiko kalitoa wapi, tambara lilikuwa upande gani, na dirisha lilizibwa kwa karatasi zipi.  Nilipofika kwenye harufu, Mama Mapacha aliinamisha kichwa, na fundi viatu akakaa tena. Nilijua namvua nguo marehemu wangu mbele ya watu. Nilijua Baba angependa kufa mara ya pili kuliko kuyasikia yale. Niliyasema yote.

Mwenyekiti akakohoa. "Pole sana, mama. Je, unataka kusema marehemu alibadili msimamo kuhusu mji?"

"Hakubadili," nikasema. "Mji ni wa nusu-tropiki. Alipima yeye na alipima vizuri. Na aliona baridi, baridi ikamuua. Yote mawili ni kweli, mheshimiwa. Mmeuliza swali ambalo kila mtu akilijibu sawasawa, mtu anakufa. Baba alisema tangu Desemba: ibadilini sheria. Anayeona baridi apewe joto."

 Yule mjumbe aliyesinzia aliamka. Nilifikiri, kwa dakika chache, kwamba neno limewaingia.

Kisha Mwenyekiti akanong'onezana na wa kulia, na wa kushoto, akafuta jasho. Akasema kamati imeguswa sana. Akasema lakini kamati imepewa kazi ya jina, na jina linabaki; haikupewa kazi ya sheria. Kwamba hali ya hewa imeshatengemaa, kama sote tunavyoona, hakuna dharura. Jambo hili litaletwa tena mbele ya wahusika kabla ya baridi ijayo. Akagonga meza.

Tulitoka juani. Mume wangu alinishika mkono, nami sikuuondoa. Akasema, "Ulimsema Mzee vizuri." Nikamwambia nimemsema ukweli, vizuri sijui. Tukatembea hadi nyumbani. Tumekubaliana ataandika barua ya sheria, na nitaipeleka mlango kwa mlango mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo.

Machi 3

Nimekwenda kutoa vitu vya mwisho vya Baba. Wapangaji wapya walikuwa wameshafika, mume na mke vijana, mtoto mgongoni. Mwanamume kafungua dirisha lote, kavua shati, anasema chumba hiki kitahitaji feni.

Mke wake akaniuliza, "Mama, tumetoka kaskazini kwa ajili ya kifua cha mtoto. Wametuambia huku ni nusu-tropiki, hakuna baridi. Ni kweli?"

"Ni nusu-tropiki," nikasema. "Na baridi ipo. Inaua."

Mwanamume akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka, akaonyesha jua kwa mkono. Sikumkasirikia. Nikamwambia tena, polepole, kwamba baba yangu amekufa kwa baridi ndani ya chumba hiki, mwezi wa kwanza mwaka huu huu. Yeye aliendelea kupanga masanduku. Lakini mke wake alimshusha mtoto mgongoni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nieleze."